Utunzi na Utafiti: Mwana Aende Chuo Gani?

Jambo nitakalolizungumza leo limenikaa moyoni kwa muda wa wiki tatu, na kila nikitaka kuandika jingine kalamu yarejea hapo hapo. Binti wa dada yangu alinijia nyumbani baada ya sala ya alasiri, akanibusu mkono kama ilivyo ada, akakaa mkekani, kisha akatoa mkobani bahasha mbili akaziweka mbele yangu.

"Mjomba," akaniambia, "nimekubaliwa mahali pawili nami nafsi yangu ni moja. Nishauri."

Barua ya kwanza ilitoka chuo kikuu kimoja cha Marekani. Yamwita akasome utunzi kwa miaka miwili, apate shahada ya uzamili iitwayo kwa kifupi MFA. Karo atasamehewa, naye atalipa kwa kuwafundisha wanafunzi wadogo kuandika insha za Kiingereza. Barua ya pili ilitoka chuo cha Ulaya. Hiyo yamwita akafanye utafiti wa tenzi za kale za Kiswahili, aanze uzamili, na akifaulu aendelee na uzamifu. Zote mbili zataka jibu kabla ya mwezi kwisha.

Nimelileta jambo hili gazetini kwa sababu si la mpwa wangu peke yake. Kila mwaka wako vijana wa Pwani wamalizao shahada ya kwanza ya Kiswahili au ya fasihi, wenye kipawa cha kutunga na hamu ya kusoma zaidi, wakafika kwenye njia panda hii pasi na mtu wa kuwaeleza kila njia yaelekea wapi. Basi natuanze kwa kuzieleza.

Masomo ya utunzi ni jambo la karne iliyopita. Chuo Kikuu cha Iowa, huko Marekani, kilianzisha warsha yake ya waandishi mwaka 1936, na vyuo vingi vikafuata mfano wake. Uingereza ilichelewa, Chuo Kikuu cha East Anglia kilifungua darasa la namna hiyo mwaka 1970. Katika Afrika ya Mashariki, mtu ajulikanaye sana kwa kupita Iowa ni Taban lo Liyong, aliyekuja baadaye kufundisha Nairobi. Na namna ya kusoma ni hii: wanafunzi kumi au kumi na wawili huketi meza moja. Kazi ya mmoja wao imekwisha kusomwa na wote kabla ya kikao. Wenziwe huisema, uzuri wake na ubovu wake, na mwenyewe, kwa desturi ya huko, hunyamaza kimya hata wamalize. Mwisho wa masomo hatoi tasnifu ya hoja, hutoa diwani au riwaya yake mwenyewe, na hiyo ndiyo hupimwa.

Utafiti ni kazi nyingine. Mtafiti hatoi lake, bali huchunguza la mwenziwe: nani alitunga, lini, kwa lugha ya mji gani, nakala ziko ngapi na zatofautiana wapi, na maana yake yasimama juu ya nini. Huandika hoja na ushahidi, akawekwa mbele ya watahini akaitetea. Kwa wengi uzamili huchukua miaka miwili na uzamifu mitatu au zaidi.

Jioni ile sikufikiri sana. Nilimwambia, "Mwanangu, nenda kwenye utafiti," nikampa sababu mbili ambazo hata leo naziona ni za kweli.

Sababu ya kwanza ni kwamba utunzi una chuo chake hapa kwetu. Mimi natunga yapata miaka thelathini na tano sasa, na cheti cha utunzi sina. Chuoni nilifundishwa Qur'ani, na pamoja na Qur'ani sikio langu likazoea mizani ya kasida na maulidi kabla sijajua kwamba kuna kitu kiitwacho mizani. Nyumbani nyanya yangu alikuwa akisoma tenzi kwa sauti baada ya isha, nasi watoto tukasinzia huku vina vikitulia masikioni. Nilipobaleghe nikaruhusiwa barazani. Huko nilitoa shairi langu la kwanza mbele ya wazee, na mzee mmoja akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Ubeti wa tatu, kipande cha pili, umehesabu?" Nikahesabu kwa vidole nikaona mizani saba mahali pa nane. Sijasahau hata leo. Na washairi wetu wakubwa hawakufanywa na darasa. Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo alijulikana kwa tungo zake. Abdilatif Abdalla aliyatunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni baina ya 1969 na 1972, na kitabu kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Hata katika siku zetu hizi, tuzo ya Kiswahili ya Mabati na Cornell ilipotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2015, diwani iliyoshinda ilikuwa ya mwandishi wa habari, Mohammed Ghassani.

Sababu ya pili ni kwamba utafiti hauna chuo barazani. Chukua mfano wa Muyaka bin Haji, ambaye wataalamu wamehesabu kuwa alifariki mwaka 1840. Alitunga Mombasa, akajibizana na watu wa Mombasa, na tungo zake zikabaki vifuani mwa watu wa Mombasa. Mwalimu Sikujua, mtu wa mji huu, ndiye aliyezikusanya na kuziandika, akifanya kazi pamoja na mmishonari Mwingereza, W. E. Taylor. Makaratasi ya Taylor leo yako London. Na diwani yenyewe ilipigwa chapa mwaka 1940, imehaririwa na William Hichens, mjini Johannesburg. Ilipita miaka mingine thelathini na tisa hata Profesa Mohamed H. Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi akatoa kitabu chake juu ya Muyaka, mwaka 1979. Anayetaka kuona mwandiko wa asili wa maneno ya babu zetu sharti apande ndege.

Na hata akifika, kusoma ni shida. Herufi za Kiarabu hazina pe, wala ve, wala ge, na hazitengi e na i, wala o na u. Waandishi wetu wa zamani walitumia be mahali pa pe, na m au n iliyotangulia herufi nyingine mara nyingi hawakuiandika. Kwa hivyo neno lililoandikwa kwa be mbili laweza kuwa baba, laweza kuwa papa, laweza kuwa pamba. Mwalimu Sikujua mwenyewe alijaribu kuzitengeneza herufi hizo ili kuondoa utata huo. Wa kuamua ni yule aliyenyonya lugha ya utungo na titi la mamaye, na akasoma chuoni. Vijana wengi wenye shahada za Kiswahili hawasomi herufi za Kiarabu, na wengi wasomao herufi hizo hawafiki kwenye shahada. Mpwa wangu amehitimu msahafu na ana shahada. Watu kama yeye wahesabika.

Kisha nikamhadithia jambo ambalo nalifikiri alijua, kumbe hakuwahi kuhadithiwa. Nyanya yangu alikuwa na daftari la tenzi, nyingine amezinakili kwa mkono wake na nyingine amezirithi kwa mamaye. Mimi nikiwa kijana alikuja mgeni mmoja, mtu wa kusoma, mwenye adabu na maneno matamu. Akaliomba daftari kwa wiki mbili ili alinakili. Nyanya akampa, kwani kumnyima mgeni elimu ni aibu. Mgeni hakurudi, na daftari halikurudi. Simtaji, na Mungu ndiye ajuaye kama alikusudia au alikufa njiani. Nyanya aliishi miaka sita zaidi, na kila bodi ilipobishwa alfajiri alikuwa akiuliza, "Ameleta?" Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amenakili. Katika utenzi mmoja wa beti zaidi ya mia mimi nakumbuka beti tisa.

"Basi," nikamwambia mpwa wangu, "lau siku zile tungalikuwa na mtafiti wetu, angalikaa papa hapa mkekani akanakili, na daftari lingalirudi sandukuni magharibi ile ile. Nenda ukawe huyo."

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasema maneno ambayo ndiyo yaliyoniweka macho wiki tatu.

"Mjomba, ya nyanya yameniuma. Lakini hicho chuo cha barazani mimi sikukisoma. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naleta sinia la kahawa na haluwa, naliweka, naondoka. Tungo zenu nimezisikia nyuma ya pazia. Wewe ulipopungukiwa na mizani moja, mzee alikurudi. Mimi nikipungukiwa, nani atanirudi? Natunga tangu nina miaka kumi na minne. Na wewe ni mshairi, tena ni mtu wa gazeti. Ni lini uliwahi kuniambia nilete daftari langu?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe muda, naye akaziacha bahasha zake kwangu.

Ndugu msomaji, nimefanya kazi ya kuchambua mambo ya watu miaka mingi, na mara chache nimepatikana na kosa langu waziwazi hivyo. Maana kosa hilo si la dini wala si la asili yetu. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake mwaka 1858, akamtungia binti yake, na hakuna mtoto wa Lamu au Mombasa asiyelijua jina lake. Wanawake wetu walitunga, wakanakili, wakahifadhi. Daftari la nyanya ni ushahidi. Lakini baraza, yaani mahali pa kukosolewa na kujibiwa, tuliweka wanaume, na mwanamke akabaki kutunga bila wa kumrudi. Mtu hutunga peke yake, lakini hakui peke yake.

Hapo nikafahamu kwamba mpwa wangu hakuitaka ile darasa ya Marekani ili afundishwe vina. Vina anavyo. Alitaka meza yenye watu waliosoma kazi yake kabla ya kuja. Swali likanigeukia. Nilikuwa nauliza ni elimu gani iliyo na faida zaidi kwa fasihi yetu. Sasa ilinibidi niulize: yeye atasomwa wapi?

Nikazirudia barua zile mbili kwa jicho hilo.

Kwanza, lugha. Darasa alilokubaliwa huko Marekani lafanywa kwa Kiingereza. Wale kumi walioketi mezani hawatasoma tarbia yake, watasoma tafsiri yake, na katika tafsiri vina na mizani ndivyo hufa mwanzo. Watamwambia kama picha ni nzuri, kama mawazo yamesimama. Hawatamwambia kwamba kipande cha pili chapungua. Miaka miwili ya hivyo, na kijana mwenye akili ataanza kutunga kwa Kiingereza, si kwa ubaya, ila kwa kuwa kila mtu hutunga kwa ajili ya masikio yaliyo karibu. Wala si lazima iwe hivyo duniani. Iowa wanayo shahada ya utunzi kwa Kihispania. Chuo cha Rhodes, Afrika ya Kusini, champa mwanafunzi ruhusa ya kutunga kwa Kixhosa. Jambo lawezekana palipo na nia. Lakini barua aliyoipata mpwa wangu haina Kiswahili ndani yake.

Pili, kazi. Huko Marekani shahada ile ya utunzi huhesabiwa kuwa ndiyo ya mwisho katika fani yake, na mwenye nayo aweza kuwa mwalimu wa chuo kikuu. Hapa Kenya mambo ni mengine. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa masharti ya kumtaka mhadhiri awe na uzamifu. Utekelezaji wake umekuwa na mvutano mwingi, lakini mwelekeo waonekana. Arudiye na shahada ya utunzi peke yake atakuta mlango mzito.

Tatu, fedha za watu. Mwezi wa Februari 2025 serikali ya Marekani iliikatia ruzuku Programu ya Kimataifa ya Waandishi ya Iowa, ambayo tangu 1967 imekuwa ikiwakaribisha waandishi wa nchi mbalimbali. Programu hiyo ni mbali na ile warsha ya shahada, na fedha za Ulaya nazo zina misimu yake. Lakini aendaye kusoma kwa fadhila za mtu na ajue kwamba kaskazi haivumi mwaka mzima.

Kwa mizani hiyo utafiti bado ulikuwa mzito zaidi. Lakini nilikuwa na hofu moja ambayo siku ya kwanza sikuisema. Je, utafiti haumuui mtunzi? Mtu akizoea kupima la mwenziwe kwa miaka mitano, huenda akaogopa kutoa lake. Ndipo nikatazama waliotutangulia.

Euphrase Kezilahabi alitoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974. Akafanya utafiti juu ya Shaaban Robert, kisha akaenda Wisconsin na kupata uzamifu mwaka 1985. Baada ya hapo ndipo alipotoa Nagona na Mzingile. Wako waliozipenda na wako waliozilalamikia kuwa ngumu, lakini hakuna awezaye kusema kwamba mtunzi alikuwa amekufa. Said Ahmed Mohamed, aliyetupa Utengano, alisomea uzamifu Leipzig, akafundisha nchi mbalimbali, na kalamu haikusimama. Abdulrazak Gurnah wa Unguja alipata uzamifu wake Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982 kwa utafiti juu ya uhakiki wa fasihi ya Afrika ya Magharibi, akafundisha huko huko mpaka kustaafu. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel. Kwa upande wa pili yuko Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025. Alikwenda Leeds kwa utafiti, akaiacha tasnifu bila kuimaliza, akarudi na riwaya ya A Grain of Wheat iliyotoka 1967. Katika watu hawa wanne, watatu walimaliza na mmoja hakumaliza, na wote wanne walitunga. Wazee wasema mshika mawili moja humponyoka. Naona hawa walijua mapema lipi likiponyoka watalilia, wakalishika hilo kwa mkono wa kulia.

Na kuna kitabu kimoja ambacho nilikitoa rafuni usiku nikakitazama jalada tu. Ni Malenga wa Mvita, cha mwaka 1971. Mashairi ni ya Ahmad Nassir. Aliyeyahariri na kuyatolea maelezo ni Shihabuddin Chiraghdin. Watu wawili wa mji mmoja, huyu akatunga na huyu akafafanua, na kwa kukutana kwao msomaji wa bara asiyejua Kimvita akaweza kuingia ndani. Chiraghdin alikuwa akimsoma mtu aliye hai, aliyeweza kumbishia hodi.

Juma lililopita nilimwita mpwa wangu. Nikamwambia ushauri wangu ni ule ule, utafiti, lakini sababu nimeibadili na masharti nimeyaongeza. La kwanza, kabla hujajibu, mwandikie yule atakayekusimamia, umwambie wazi kwamba wewe ni mtunzi na hutaacha kutunga, usikie atasemaje. La pili, kila utakachonakili kwa mtu, nakala irudi kwa mwenyewe kabla haijakwenda maktaba. La tatu ni langu: kila mwezi utanipelekea shairi, nami nitalihesabu kipande kwa kipande, na nitakujibu kwa shairi.

Akacheka. "Hilo la tatu, mjomba, nitaliamini nikiliona."

Kisha akafungua mkoba akanipa daftari. Barua atajibu mwenyewe, na uamuzi ni wake; huenda akanikhalifu, na akifanya hivyo nitamsindikiza uwanja wa ndege kwa dua ile ile. Mimi nimesoma tungo kumi na moja. Katika ya nne, ubeti wa pili, mizani yapungua moja. Nimemwandikia. Katika ya tisa nilikaa muda mrefu, nikaona kwamba kumjibu kutanitoa jasho, na mpaka leo ninapoandika haya nina beti tatu tu.

Kwa hivyo neno langu la mwisho silielekezi kwa vijana, wao wanajitahidi. Nalielekeza kwa wenzangu wa barazani. Mwenye binti, au mpwa, au mjukuu anayetunga, na amwambie leo alete daftari.

Wabillahi tawfiqi.